Heshima Iliyomkuta Miñoso Kaburini

Desemba 2014, kamati ya Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli ulioko Cooperstown, Marekani, ilipiga kura, na Orestes "Minnie" Miñoso akakosa. Haikutimia miezi mitatu akafariki dunia. Kura zake zilitosha Desemba 2021. Tunafungua toleo hili kwa habari zake kwa sababu tunaamini alidhulumiwa, na dhuluma yenyewe ilivikwa joho la takwimu.

Waliomkataa walisema hesabu zake hazifikii kiwango. Hesabu za kuanzia lini? Mzaliwa huyu wa Perico, kwenye mashamba ya miwa ya Cuba, alianza kuichezea New York Cubans ya ligi za Weusi mwaka 1946, na mwaka uliofuata wakatwaa ubingwa. Ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango watu wa rangi yake. Hata baada ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, kuingia ligi hizo mwaka 1947, Miñoso alisubiri hadi 1949 Cleveland walipomchezesha, tena kwa mechi chache tu. Miaka ya damu kuchemka ikapotelea nje ya vitabu vya kumbukumbu. Ligi kuu yenyewe ilikuja kukiri Desemba 2020 kwamba ligi za Weusi nazo zilikuwa ligi kuu.

Na alipopewa nafasi? Tarehe 1 Mei 1951, mchezaji wa kwanza mweusi wa Chicago White Sox, aliposhika gongo kwa mara ya kwanza akiwa na jezi hiyo aliupeleka mpira nje ya uzio mbele ya New York Yankees. Alisimama karibu mno na njia ya mpira, bila kurudi nyuma. Mpigaji akigongwa na mpira wa mrushaji hupewa kituo cha kwanza. Miñoso aliongoza ligi kwa kugongwa katika misimu 10. Mwaka 1955 mpira ulimpasua fuvu, akarudi kucheza msimu uleule. Akishafika kituoni, kazi ya kumzuia asiibe kinachofuata iliwashinda wengi: kwa uibaji wa vituo aliongoza ligi yake mfululizo, 1951 hadi 1953.

Julai 2022 Cooperstown ilimpokea pamoja na Mcuba mwenzake, Tony Oliva. Oliva alisimama mwenyewe kushukuru. Kwa Miñoso, alisimama mjane wake.

Kwenu mnaokaa kwenye kamati za tuzo, popote mlipo: wapigieni kura wangali hai.