Usitafute Dhambi ya Marehemu



Wiki ile ya mwisho wa Oktoba 2025 ilikuwa nzito. Nimeona video na picha mlizotuma kwenye makundi yetu, na nimesoma maneno mliyoandika chini yake. Leo nataka nitoe maoni yangu kama mchungaji wenu. Fungua Biblia yako Luka 13, soma mistari mitano ya kwanza, halafu urudi hapa tuzungumze.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea.

Jumanne tarehe 28 Oktoba 2025, ndege ndogo iliyotoka Diani asubuhi kuelekea Maasai Mara ilianguka Tsimba Golini, hapa hapa kwetu Kwale. Watu wote 11 walifariki: Wahungaria 8, Wajerumani 2 na rubani Mkenya.

Jumatano Tanzania wakapiga kura. Tundu Lissu wa Chadema alikuwa kizuizini kwa kesi ya uhaini, na chama chake hakikuwemo kwenye kura ya urais. Maandamano yakazuka, Dar es Salaam ikawekwa chini ya kafyu, intaneti ikazimwa, na watu wakauawa. Ni wangapi? Wakati ule upinzani ulisema mamia, serikali ikakanusha. Jumamosi Rais Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na Jumatatu iliyofuata akaapishwa Dodoma.

Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo hiyo, udongo uliporomoka kule Chesongoch, Elgeyo Marakwet, ukafukia nyumba na watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 20 walifariki. Na haya yote yalitukuta kabla machozi ya msiba wa Raila Odinga hayajakauka.

Sasa, mpendwa, angalia maoni ya watu mitandaoni. Kuhusu ndege: hao ni watalii, wamekuja kustarehe, Mungu amewaonyesha. Kuhusu Tanzania: si walikuwa wakitucheka sisi Wakenya kwa maandamano yetu, sasa wameonja. Kuhusu Chesongoch: lazima kuna laana ya ukoo mahali pale. Maiti haijapatikana, hukumu imeshatolewa.

Watu walimletea Yesu habari za namna hiyo hiyo. Walimwambia juu ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa sadaka zao. Hiyo ni damu iliyomwagwa na mkono wa serikali. Yesu mwenyewe akaongeza habari ya pili, ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Hiyo ni ajali. Mkono wa dola na ajali, katika mazungumzo mamoja. Ungedhani aliishika simu yako wiki ile.

Akawauliza: mnadhani hawa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine wote? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageuzia neno wao waliokuwa hai: tubuni.

Hapo ndipo nataka tusimame. Yesu hakumpa mtu ruhusa ya kutafuta dhambi ya marehemu. Dhambi pekee aliyoturuhusu kuichimba ni ya yule anayesoma habari.

Basi tutubu nini?

Kwanza, kuna picha. Picha za miili, za ndege ikiungua, za vijana walioanguka barabarani. Unajua aliyelala pale ana mama? Ungependa mama yako amtambue ndugu yako kupitia status ya mtu asiyemjua? Ushahidi wa mauaji una mahali pake, kwa wanahabari, mawakili na watetezi wa haki. Lakini kundi la kwaya si mahakama. Ukiipata picha ya marehemu, iishie kwako.

Pili, kuna kicheko. Wakenya tusijifanye wazima. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wetu walipigwa risasi mbele ya Bunge letu, Nairobi. Asiyesahau hilo hawezi kumcheka Mtanzania. Na sisi wa Gazi hata zaidi. Mdigo wa Kwale na Mdigo wa Tanga ni ndugu, mpaka wa Lunga Lunga uliwekwa na wageni. Machungwa tunayomenya yanatoka Muheza. Wengi wenu mlituma ujumbe upande ule ukabaki na tiki moja siku nzima, siku ya pili, siku ya tatu. Tiki ile moja ilitufundisha kuomba kuliko mahubiri yangu mengi.

Tatu, kuna manabii wa baada ya tukio. Ndege ikianguka asubuhi, jioni mtu yuko laivu TikTok anasema alionyeshwa, na namba ya M-Pesa iko chini ya kioo. Kama ulionyeshwa, kwa nini hukumpigia mtu simu Jumatatu? Sisi wachungaji wa Pwani ndio tunapaswa kuwa wa mwisho kuchezea vifo. Shakahola iko Kilifi, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni kwa sababu watu waliamini kila kitu mhubiri alichowaambia juu ya kifo. Nawaomba, hata mimi mnipime kwa Neno.

Kuna wanaoniambia, "Pasta, Tanzania ni siasa, kaa kwenye Injili." Nawajibu kwa upendo. Kusema kwamba mtu asiuawe kwa sababu ya kura ni amri ya sita, na amri ya sita ni ya zamani kuliko chama chochote. Yesu alipokataa kuwalaumu Wagalilaya, hakumsafisha Pilato. Hata wale wasanii wa Bongo tunaowacheza harusini, waliopanda majukwaa ya kampeni, waliulizwa na mashabiki wao kwa nini wako kimya. Kama msanii anaulizwa, kanisa litaachwa? Lakini wao pia tusiwachomee nyumba kwa maneno. Tuwaombee wapate ujasiri wa kusema kweli.

Sasa nikupe kazi ya wiki hii.

Wewe unayefanya kazi hotelini Diani: pengine mwenzako ndiye aliyewaandalia wale wageni chai ya mwisho, au ndiye aliyewapeleka kiwanjani Ukunda. Keti naye, muulize analalaje. Wewe mama karanga, jirani yako Mwislamu ana shangazi Tanga; ukipita na karai lako la samaki, bisha hodi uulize habari za kule, na kama amefiwa, kaa mkekani ulie naye. Paulo katika Warumi 12 aliagiza tulie na wanaolia, hakuweka sharti la dini wala la uraia. Wewe kijana, mpigie simu yule rafiki Mkalenjin mliyesoma naye chuoni, umuulize kama kwao bondeni ni salama.

Ibada ya Jumapili tutaanza na kimya, kisha tutawaombea waliofiwa Hungaria, Ujerumani, Tsimba Golini, Dar, Mwanza na Chesongoch. Njoo na jina la mtu mmoja uliyempigia.

Nafahamu mtaandika "Amina" hapa chini, na nawapenda kwa hilo. Leo lakini, kabla ya kuandika Amina, piga simu moja.

Mungu awabariki.