Filamu Haipimwi kwa Rula

Kila komiki ya siasa inapogeuzwa filamu, huzuka mahakimu wenye kitabu mkononi. Wanakagua: tukio hili limerukwa, mhusika yule kabadilishwa kazi, mwisho si ule. Kisha hukumu: filamu iliyofuata kitabu ni nzuri, iliyokiacha imekisaliti. Imani hii imeenea hata kwa watu wasiowahi kufungua komiki yenyewe. Ni imani mbovu, na kwa kazi za siasa ni mbovu maradufu.

Shahidi wa kwanza ni Watchmen. Alan Moore na Dave Gibbons waliitoa kwa matoleo 12, kati ya 1986 na 1987, wakiwakejeli mashujaa wa mavazi ya kubana na, zaidi, jamii inayosubiri mwenye nguvu aje kuiokoa. Mwaka 2009 Zack Snyder alizifuata picha za Gibbons kwa utiifu wa ajabu. Akabadilisha njia ya maangamizi ya mwishoni, na mashabiki wakabishana kuhusu hilo mpaka wakachoka. Lililowapita wengi ni hili: katika filamu ngumi zinakwenda taratibu, mifupa inavunjika kwa madaha, na Dan Dreiberg, ambaye kitabuni ni mtu wa makamo mwenye kitambi, anapigana kama mcheza dansi. Kitabu kinamtaka msomaji awaogope mashujaa hawa. Filamu inamtaka awashangilie. Picha ni zile zile. Hoja imesimamishwa kichwa chini miguu juu.

V for Vendetta inawapa mahakimu nguvu kidogo, na haki yao wapewe. Moore na David Lloyd walianza kuichapisha 1982 katika jarida la Warrior, Uingereza ikiwa chini ya Margaret Thatcher. Kitabu kinagombanisha ufashisti na uanaki, yaani imani ya kuishi bila serikali, na msomaji haambiwi kama V, mhusika mkuu mwenye kinyago, ni mkombozi au mwendawazimu. Evey ni msichana wa miaka 16 ambaye ufukara unamsukuma kwenda kuuza mwili. Hata dikteta ana upweke wake: ameipenda kompyuta. Filamu ya 2006, iliyoongozwa na James McTeigue kwa muswada wa ndugu wawili Wachowski, imemwajiri Evey katika kituo cha televisheni na kumfanya dikteta uso tu unaofoka kwenye skrini. (Uso huo ni wa John Hurt, aliyekuwa Winston Smith, mwathirika wa udikteta, katika filamu ya Nineteen Eighty-Four. Mzaha mzuri.) Moore alitaka jina lake liondolewe; kwenye filamu ametajwa Lloyd peke yake.

Hata hivyo, kosa la filamu hii si kubadilisha. Palipokuwa na swali, waandishi wameweka jibu. Uanaki umeyeyuka, akabaki mpenda uhuru ambaye si rahisi mtazamaji kumpinga. Serikali iliyo kwenye skrini inanuka Marekani ya George W. Bush na vita vyake dhidi ya ugaidi, ila Wamarekani walioiandika wameiacha London, ambako haiwachomi. Moore mwenyewe alilisema hilo. Laiti wangeihamishia Washington, wangekiacha kitabu mbali na bado wangekikaribia, kwa maana Moore na Lloyd walikuwa wakiisema nchi yao wenyewe, serikali yao ikiwa madarakani.

Na mwandishi akiongoza filamu mwenyewe? Marjane Satrapi alichapisha Persepolis, komiki ya maisha yake mwenyewe, kwa juzuu nne Ufaransa kati ya 2000 na 2003. Mwaka 2007, akishirikiana na Vincent Paronnaud, alikata mengi na kuongeza rangi katika matukio ya uwanja wa ndege wa Orly, huku yaliyopita yakibaki meusi na meupe. Mwenye rula amshtaki nani hapo?

Watazamaji wa Dar es Salaam, waliokulia kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, wakimsikiliza msimulizi Lufufu akisimulia filamu za kigeni na kuchomeka maneno yake, hawana sababu ya kuazima imani hii ya rula.

Kisha kuna The Death of Stalin. Armando Iannucci aliitoa 2017 kutokana na komiki ya Wafaransa Fabien Nury na Thierry Robin. Waigizaji wake wanaongea kwa lafudhi za Uingereza na Marekani, na Marshali Zhukov, mkuu wa jeshi, ana sauti ya mtu wa Yorkshire. Stalin alikufa Machi 1953. Beria, aliyekuwa mkuu wake wa polisi wa siri, alikamatwa Juni na kuuawa Desemba. Filamu imeikunja miezi hiyo ikawa siku chache. Kwa rula, ni kichekesho kilichopotoka. Januari 2018, siku mbili kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa, Wizara ya Utamaduni ya Urusi ilifuta kibali chake. Sinema ya Pioner mjini Moscow ikaionyesha hivyo hivyo, na polisi wakabisha hodi. Hawakwenda kulinganisha kurasa.