Mkojo wa Damu Si wa Kuchekewa

Barobaro wa Mbaraki akikojoa damu, masela wanacheka: "Ushapata gono!" Yeye mbio kemisti, anameza antibayotiki, ananyamaza. Mimi hili silikubali.

Wengi wetu tuna nyanya zetu Kwale, ng'ambo ya feri, na likizo tulioga mabwawani. Huko kichocho kipo. Kikikaa miaka bila tiba, chaweza kuleta saratani ya kibofu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishathibitisha 1994. Na dawa ipo, prazikwanteli.

Nyinyi wa sigara je? Figo huchuja sumu ya moshi, halafu inakaa kibofuni masaa.

Kwa hivyo ukiona damu, hata mara moja, hata kama huumwi, nenda kapimwe. Masela wacha wacheke.