Uso Ulioharibika Hauambukizi

Mzee aliyebonyea pua akikaa barazani Malindi, Unguja, muuza kahawa humpa kikombe kama wenzake, lakini kikombe kile hakirudi kwenye ndoo ya kusuuzia. Huwekwa kando. Hakuna anayeuliza aliugua lini, wala kama alitibiwa. Pua yake imeshamhukumu.

Tumekubaliana kwamba ukoma unasomeka usoni, na kwamba kadiri uso ulivyoharibika ndivyo hatari inavyozidi. Imani hii ni potofu, tena inaumiza watu. Aliyemaliza dozi hamwambukizi mtu, hata kama pua imedidimia na meno ya mbele hana. Dawa huua bakteria. Mfupa uliokwisha kuliwa haiurudishi. Wa kuhofiwa, kama yupo, ni mgonjwa ambaye hajaanza dawa, na huyo anaweza kuwa na sura isiyo na ila.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi: masikio, nyusi, pua na mbele ya kinywa. Katika aina kali ya ugonjwa, pua huziba kwa muda mrefu na makamasi hutoka na damu. Mgonjwa huanza kupumulia mdomo. Hewa hulipoza kaakaa, na vinundu huota huko nako. Kaakaa likitoboka, chakula hupanda puani na sauti hubadilika. Mfupa unaoshika meno ya juu ya mbele huliwa polepole mpaka meno yakalegea. Mshipa wa fahamu wa uso ukidhurika, jicho halifumbi, na kidonda chake huweza kuleta upofu.

Madhara hayo hayaji kwa siku moja. Huchukua miaka, na katika miaka hiyo mtu angeweza kuokolewa. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa dawa, ambao siku hizi ni wa miezi 6 au 12, kutegemea aina ya ukoma, na dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa akianza kuzimeza, haichukui muda anaacha kuambukiza. Isitoshe, walio wengi miongoni mwetu wana kinga ya asili, na ugonjwa huenea kwa matone ya puani na mdomoni, kwa kuishi karibu sana na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu. Kikombe cha kahawa hakina kosa.

Nitaambiwa wazee wetu walijihadhari. Kweli, na enzi za ukoloni wagonjwa waliwekwa Welezo, mbali na mji. Lakini kwa sehemu kubwa ya wakati ule hapakuwa na dawa ya kuponya. Sisi tunayo, basi udhuru wetu ni upi? Kijana mwenye baka la ngozi lisilohisi, dalili ya ukoma, akiona mzee aliyepona anavyotengwa, ataficha baka lake mpaka pua ibonyee. Tunamkimbia asiyeambukiza, na kwa kumkimbia tunamnyamazisha anayeambukiza.

Maimamu walisemee hili kwenye hotuba za Ijumaa. Madaktari wa meno wakikuta meno ya juu yamelegea na pua imeziba miezi mingi, wafikirie ukoma. Na mwenye baka lisilohisi joto wala mguso aende kituo cha afya wiki hii, akijua kwamba akirudi na vidonge vyake atapokewa nyumbani na mtaani kama alivyotoka.