Kompani Inakua, na Mtu wa Kazi Je?

Wasomaji wetu, mwaka uliopita kijana mmoja wa misioni yetu alitujia jioni, baada ya mafundisho, simu yake mkononi. Amemaliza shule ya sekondari, anajua vizuri Kiswahili na Kifaransa, na Kiingereza cha kujikokota. Furaha yake ilionekana usoni. «Mwalimu, akasema, nimepata kazi ya biro huko Nairobi. Kazi ya kompyuta.» Akatuomba tusome naye karatasi za kontra kabla hajatia mkono.

Tulizisoma zote, kamusi mezani. Tuliona mshahara wa mwezi, lakini saa za kazi hazikuandikwa. Tuliona ya kwamba kontra ni ya miezi mitatu, yaweza kurudiwa au isirudiwe. Tena tuliona neno lililotushangaza: mtu wa kazi hana ruhusa ya kumweleza yeyote anachokifanya, hata mke wake, hata mzazi wake. Jambo moja tu hatukuliona, ingawa tuligeuza kurasa mara mbili: jina la mwenye kazi. Jina la kompani inayoandikisha watu lilikuwapo. Jina la yule ambaye kazi ni yake, anayeilipa kompani hiyo, halikuwapo.

Hatutaitaja kompani ile. Labda ni nzuri kuliko karatasi zake. Lakini tangu jioni ile tumesoma mengi juu ya kazi za namna hii, na hatuwezi kunyamaza, maana twasikia wakubwa na magazeti wakizisifu bila kipimo. Wanasema: kompani fulani ilianza na watu wachache, leo ina maelfu! Haya, tunasikia. Sisi twauliza ni kitu gani kilichokua.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe kwa maneno ya kwetu. Benki ya London, duka la Paris au kompani ya California ina kazi za kila siku: kujibu telefoni za wateja, kuandika hesabu, kupanga picha, kusoma mambo ambayo watu wanayatia kwenye intaneti na kuondoa machafu. Kazi hizi zahitaji watu wengi, na kwao mshahara ni mkubwa. Basi hutafuta kompani nyingine iliyo tayari kuzifanya katika nchi ya mishahara midogo. Kompani hiyo ya pili hutafuta watu, huwakalisha mbele ya kompyuta, huwahesabia dakika, hupokea malipo yote, kisha huwapa watu sehemu yao. Ni kapita. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha kapita ni nani.

Desturi hii haikuanza jana. General Electric ya Marekani ilikuwa na biro za namna hii India katika miaka ya 1990. Ufilipino, nchi ya Wakatoliki wengi, imekuwa kubwa kupita wote kwa kazi ya telefoni: mwaka 2023 watu kama milioni 1.7 walikuwa katika kazi hizo zote kwa jumla, na wengi wao hufanya kazi usiku, kwa sababu mchana wa Amerika ni usiku wa Manila. Afrika ya Mashariki ilichelewa, kwa maana intaneti ilipita kwa satelaiti na bei yake ilikuwa kali. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na mlango ukafunguka.

Kompani iliyosifiwa kuliko nyingine mlangoni pale ni Samasource, ambayo siku hizi inaitwa Sama. Ilianzishwa mwaka 2008 na mama mmoja wa Marekani, Leila Janah. Alisema maskini wapewe kazi, si sadaka. Ni neno zuri, na hata leo hatulipingi. Ilianza kama shirika lisilotafuta faida. Vijana wa Nairobi walikaa mbele ya kompyuta na kuandika juu ya picha: hii ni gari, huu ni mti, huyu ni mtu anayevuka barabara, ili mashine za Amerika zijifunze kuona. Shirika lilipenda kutangaza ya kwamba limewatoa katika umaskini watu zaidi ya 50,000. Janah alifariki Januari 2020, mwenye miaka 37, na hatumsemi vibaya marehemu. Lakini kabla hajafariki shirika lake lilikuwa limegeuka kompani ya faida, na Novemba 2021 wenye mali walitia ndani dola milioni 70.

Hapo tusimame kidogo. Mwenye kutia mali hutaka mali yake irudi pamoja na faida. Faida hiyo itatoka wapi? Mteja wa Amerika hataki kuongeza bei, maana alikuja kwa sababu ya bei ndogo. Inabaki sehemu ya mtu wa kazi. Hakuna hesabu nyingine, hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuiona.

Tusikie basi mambo yaliyoandikwa. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kazi ambayo Sama ilifanya tangu mwisho wa 2021 kwa ajili ya OpenAI, wenye ile mashine ya kuzungumza inayoitwa ChatGPT. Vijana wa Nairobi walisoma maandiko ya uchafu kabisa, ya kunajisi watoto, ya mauaji, ya kujiua, na kuyatia alama, ili mashine ijue maneno ya kukataa. Kontra zilisema OpenAI italipa dola 12.50 kwa saa moja. Msomaji wa uchafu ule alipata mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kompani ilijibu ya kwamba zile 12.50 zilikuwa za kulipia kila kitu, nyumba, vyombo, wasimamizi na wengine. Tumesikia. Hata hivyo, katika kila dola 100 zilizotoka, yule aliyebeba uchafu kichwani mwake alipata kati ya 10 na 16. Kapita wa zamani angeona haya.

Tena kuna jambo la Facebook. Tangu 2019 Sama iliwaweka watu Nairobi, waliotoka nchi mbalimbali za Afrika, kutazama picha ambazo wenye Facebook hawataki zionekane. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika ya Kusini, ameeleza ya kwamba moja ya picha za kwanza alizopewa ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Alijaribu kuwakusanya wenzake wadai mshahara na matunzo, akafukuzwa. Mwaka 2022 alishitaki, na mashtaka yake yasema kwamba tangazo la kazi halikueleza kazi yenyewe ni nini. Kompani imekana, yasema iliweka washauri na kulipa mishahara ya haki. Baraza la Kenya litaamua, si sisi. Lakini Desemba 2024 magazeti yalitangaza ya kwamba daktari mkubwa wa magonjwa ya akili huko Nairobi aliwapima watu wa kazi ile, na zaidi ya 140 kati yao walionekana na ugonjwa wa akili unaotokana na kuona mambo ya kutisha. Watu 140, wasomaji! Wanafika kujaza viti vya mbele vya kanisa letu upande wa wanaume na upande wa wanawake.

Sasa twawajua wale watakaotujibu. Watasema: «Afadhali kazi hiyo kuliko kukaa bure.» Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara kutoka kwa mtu asiyeifanya. Kweli, njaa ipo. Tumewaona vijana wetu huko Kolwezi wakishuka katika mashimo kwa kamba, kutafuta madini kwa mikono yao. Hatuna ujinga wa kudhani ya kwamba mshahara mdogo si kitu kwa mwenye njaa. Lakini mwenye duka anayepandisha bei ya unga wakati wa njaa, tunamwita mnyang'anyi. Basi yule anayeshusha bei ya kazi kwa sababu watu wana njaa, tumwite nani? Mfadhili? Papa Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891 ya kwamba mtu akikubali mshahara kwa sababu ya shida, kule kukubali peke yake hakuufanyi mshahara kuwa wa haki.

Watasema tena: «Mkilalamika, kompani zitahama.» Hili ndilo neno linalowafunga mdomo hata wakubwa wa serikali. Tutazame basi. Januari 2023 Sama ilitangaza ya kwamba inaacha kazi ya Facebook, na watu zaidi ya 200 wakapoteza kazi. Kazi ikapewa kompani nyingine, Majorel ya Luxembourg. Mwaka ule ule Majorel ilinunuliwa na Teleperformance, kompani iliyozaliwa Paris mwaka 1978, ambayo kwa kununua nyingine hivi imefika watu karibu nusu milioni katika karibu nchi 100. Ndiyo kukua kwenyewe! Kompani inameza kompani, jina mlangoni linabadilika. Waliohama ni kompani. Waliobaki na ndoto mbaya usiku ni watu wa Nairobi. Kama wenye kazi wanahama wapendapo, kunyamaza kwetu kunatupa faida gani?

Na liko jambo ambalo wenye kusifu hawalitaji. Kazi hii inatengeneza mashine itakayoiua. Vijana wanaifundisha mashine kusoma na kujibu, kisha mashine inaketi kwenye kiti chao. Februari 2024 Klarna, kompani ya fedha ya Sweden, ilitangaza ya kwamba mashine yake inajibu wateja kwa kazi ya watu 700. Siku chache tu hazikupita, bei ya hisa za Teleperformance ikaanguka vibaya. Wenye mali walielewa upesi kuliko wakubwa wetu wanaotaka kujenga maisha ya vijana juu ya kazi hii.

Sisi Katanga tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1910 iliundwa hapa Bourse du Travail, ofisi ya kuwakusanya watu vijijini na kuwapeleka kwenye migodi. Babu zetu walichukuliwa kwa miezi michache, wakarudishwa, wengine wakachukuliwa badala yao, na wengi walikufa au walitoroka. Katika miaka ya 1920 Union Minière yenyewe iliona hasara, ikaanza kuwashika watu kwa kontra ya miaka mitatu, pamoja na wake zao. Haikufanya hivyo kwa upendo, wala hatuwaiti wakubwa wale watakatifu. Ilipiga hesabu tu. Lakini mwenye mgodi alilazimika kukubali ya kwamba mtu yule ni mtu wake. Leo huko Kolwezi tumerudi nyuma: wengi wameandikwa kwa sutretansi, wanachimba katika mgodi wa mmoja na kulipwa na mwingine. Tuna sheria ya sutretansi ya mwaka 2017, nayo yataka kompani hizo ziwe mikononi mwa Wakongomani. Ni vema. Lakini kapita akiwa ndugu yetu, je, tumbo la mtu wa kazi litajua tofauti?

Huko Nairobi watu wa kazi hawakukaa tu wakilia. Tarehe 1 Mei 2023, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi (hatujui kama waliifikiria), watu zaidi ya 150 walikusanyika na kupiga kura ya kuunda sendika yao wenyewe. Na wale walioshitaki walikazana juu ya neno lile lile tulilolikosa katika karatasi za kijana wetu: mwenye kazi ni nani? Kompani ya Facebook, inayoitwa Meta, ilisema haimo, haiko Kenya, watu si wake. Septemba 2024 Baraza la Rufani la Kenya lilikataa maneno hayo na kusema ya kwamba Meta yaweza kushitakiwa huko. Hilo ni jambo kubwa kuliko nyongeza ya mshahara. Kwa mara ya kwanza mtu aliyejificha nyuma ya kapita ameitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo tunawaambia wale wanaotaka kuzileta kompani hizi Lubumbashi na Goma: zileteni, hatufungi mlango. Lakini kontra iandikwe kwa lugha ambayo mtu wa kazi anaisoma. Iseme mwenye kazi ni nani, naye akubali kujibu mbele ya baraza la hapa. Iseme saa moja inalipwa kiasi gani na mteja, na kiasi gani kinamfikia kijana. Na yule anayepewa mambo ya kutisha aambiwe kabla, si baada ya kutia mkono. Kompani ikikataa haya, tusiihesabu katika maendeleo ya nchi. Tuihesabu pamoja na wale wanaopita njiani na lori usiku.

Nanyi wazazi, msijivunie neno «kompyuta» kama wazee walivyojivunia neno «karani». Mwulizeni mtoto anafanya nini huko ndani. Akisema haruhusiwi kueleza, ulizeni tena.

Kijana wetu alipeleka maswali manne kwa kompani yake, tuliyoyaandika pamoja, kwa Kiingereza chetu kibovu. Wakamjibu saa za kazi: tisa kwa siku, na zamu ya usiku juma moja kwa mawili. Juu ya mwenye kazi hawakujibu. Baba yake ni mgonjwa, wadogo zake watatu wako shuleni. Alitia mkono, akapanda basi kwa safari ndefu ya Nairobi. Tulimwambia aandike kila siku katika daftari saa alizofanya na pesa alizopata, na akipita Krismasi salama atuletee daftari hilo.