Goma ilijengwa na nani?

Kila kunapotokea ubishi juu ya kiwanja ao foleni ya maji, neno moja linasikika: « Nyinyi ni wageni, rudini kwenu. » Wanaolisema wajibu kwanza: mkaaji wa zamani wa Goma ni nani?

Historia ya shuleni hutaja kituo cha Wabelgiji cha mwanzoni mwa miaka ya 1900, kilichotazamana na Wajerumani wa Gisenyi. Lakini Wakumu walikuwa wakilima chini ya Nyiragongo kabla ya kituo hicho. Kisha wakafika wabeba mizigo, mafundi, wauza samaki na wachuuzi wa Birere. Ni barabara gani yenye majina yao?

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Waliovunja mawe yale na kujenga upya hawakuulizwa kama walizaliwa Goma, Masisi, Rutshuru ao Walikale. Na sanamu ya dhahabu pale Rond-point Chukudu inamheshimu msukuma chukudu, si gavana.

Basi wakuu wa kata na walimu wafungue daftari. Wawaulize wazee nani alichimba msingi wa kwanza wa mtaa, nani alianzisha soko, na alitoka wapi. Waandike mapema, kwa sababu wazee wanafariki. Daftari hilo likisomwa mbele ya watu, wengi wanaowafukuza wakimbizi wa vita watakuta babu yao naye alifika Goma na mzigo kichwani, akapokelewa.