Gari linalolala na mtoto mwenye pumu

Saa nane za usiku, mvua za masika zikimwagika, mtoto wa miaka sita huko Mkunazini anabanwa na pumu. Dawa ya kuvuta haimtulizi. Baba anakata vichochoro mbio hadi Malindi lilikoegeshwa gari, anazungusha ufunguo. Tik, tik, tik, kisha kimya. Halikuwa limetoka kwa wiki tatu. Teksi ya jirani ndiyo iliyowafikisha Hospitali ya Mnazi Mmoja, na mtoto akapona.

Mji Mkongwe watu huenda sokoni na kazini kwa miguu, gari likasubiri Jumapili ya shamba. Wenzetu wa nchi za baridi huogopa theluji. Betri ya Unguja huchoshwa na joto, kisha humalizwa na kulala. Hata injini ikizimwa, alamu na saa huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo.

Dawa yake ni safari. Mara moja kwa wiki litoke nusu saa au zaidi, tuseme Malindi hadi Mangapwani. Kuliwasha dakika tano pale pale lilipo hakutoshi kuijaza betri, maana stata hula umeme mwingi. Wapo mafundi wanaoshauri kufungua waya wa hasi gari likilala muda mrefu. Ni kweli inasaidia, lakini kwenye nyumba ya mgonjwa wa pumu au mama mjamzito, nani atatafuta spana usiku huo?

Fundi akipima asubuhi kabla ya kuwasha, volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki kama nusu, ichajiwe. Ukinunua mpya, fuata saizi ya gari lako na uulize tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri huchoka hata ikiwa dukani. Kwa gari lisilotoka sana, betri kavu ina usumbufu mdogo. Ile ya maji huongezwa maji maalumu ya betri tu, si ya kisima.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko gari kutowaka: tindikali ya betri kuwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Usiilete nyumbani kabisa, kazi hiyo mwachie fundi. Ikimrukia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Akiinywa, asitapishwe, asukutue mdomo na apelekwe mara moja.